Wanaotafuta "paina za asili" za mbao Mufindi na Njombe, njooni tuongee kabla hujanunua heka

#1 Kinyungu

Kamwene wakuu. Wiki hii peke yake nimepata meseji kama tano inboksi na zote ni kama zimeandikwa na mtu mmoja, kaka nataka nipande paina za asili heka ishirini huko kwenu, nikistaafu nikute mbao. Nimeona nifungue uzi niseme yote hapa, maana kujibu mmoja mmoja nimechoka na mimi nina kazi ya mwajiri.

Naanza na hilo neno asili. Paina ya asili ya kwetu haipo. Ukitaka kuona paina iliyojiotea porini katika bara hili nenda kaskazini kabisa, Moroko, Algeria, Tunisia huko, na ukishavuka ikweta kushuka kusini, dunia nzima ni pale Sumatra tu, Indonesia, ndo kuna paina ambayo haikupandwa na mtu. Huu msindano unaouona kuanzia Iringa mpaka Makete, jina lake la kitabuni Pinus patula, kwao ni milima ya Mexico. Na wala haukuwa mchumba pekee. Alikuwepo ndugu yake anaitwa radiata, wa California, anakua kwa kasi ya ajabu, wakampanda Kenya na huku kwetu, ukaja ugonjwa wa ukungu kwenye majani, sindano zinapata mistari myekundu kisha zinapukutika, mti unabaki kama ufagio. Miaka ya 60 wakaachana naye, patula ndo akabaki na nyumba. Pale Sao Hill, shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini, majaribio yalianza 1939.

Sasa mtu wa kijijini akikwambia "hii ni paina ya asili" hakudanganyi, anamaanisha mbegu ya kienyeji, yaani koni zimeokotwa kwenye miti ya jirani. Na hapo ndo pa kuwa makini, kwa sababu anayetumwa kuokota koni ni kijana, na kijana hapandi mti mrefu ulionyooka usio na matawi, anapanda ule mfupi wenye matawi kama ngazi. Kwa hiyo mbegu unayouziwa ni ya miti mibaya kuliko yote iliyokuwa pale. Kizazi cha kwanza hivyo, cha pili hivyo, unakuta shamba zima limepinda kama mikia ya mbuzi. Mbegu nunua za wakala wa mbegu za miti, siku hizi wako chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, zina karatasi inayoonyesha zimetoka shamba gani.

Mimi nina mashamba mawili. Moja heka sita, Mufindi, nilipanda 2011 nikavuna 2023. La pili heka nane Lupembe, Njombe, nilipanda 2014, hilo lina hadithi yake. Naendelea nikipata mtandao.

#2 Mtu_wa_Pwani

Mkuu asante sana. Swali la haraka, mimi nina eneo Kisarawe limekaa tu, huo msindano nikiupanda huku hautakubali?

#3 Kinyungu

@Mtu_wa_Pwani utakubali kuota, kukua ndo utakugomea. Patula anataka baridi, mita 1,500 kwenda juu ndo anajisikia nyumbani. Pwani kuna paina nyingine inaitwa karibea, hiyo inavumilia joto, ila ukiniuliza mimi kwa Kisarawe ningefikiria mitiki kwanza. Tuwaachie wenye uzoefu wa huko, mimi sijawahi kupanda kitu nje ya sehemu za baridi.

#4 Bendi_Soo

Mzee nyoosha maelezo, heka moja miche mingapi na shilingi ngapi baada ya miaka 10. Hayo ya Mexico hayatusaidii.

#5 Kinyungu

@Bendi_Soo hesabu hiyo ndo imewaponza wengi, ila haya. Ukipanda mita 3 kwa 3 heka moja inaingia miche kama 450. Ukipanda 2.5 kwa 2.5 inaingia kama 640. Wenye semina za hotelini wanachukua 640, wanazidisha kwa bei ya mti uliokomaa, wanazidisha kwa heka ishirini, watu wanapiga makofi. Hakuna anayewaambia kwamba miche 640 kwenye heka haiwezi kuwa miti 640 ya mbao. Haiwezi. Mwaka wa sita inagombania jua na kama hujapunguza inakwenda juu tu, myembamba kama fito za kuezekea, na upepo mmoja wa mwezi wa nane unailaza.

Mimi lile la Mufindi nilipanda 2.5. Mwaka wa kwanza kama kumi katika kila mia ikafa nikapandikizia. Mwaka wa sita nikaambiwa punguza, nikaenda shambani, nikazunguka na mzee wangu wa shamba, kila mti ninaotaka kuukata nauona mzuri. Tumezunguka mpaka saa nane mchana tumekata miti kumi na moja. Yule mzee akaniambia "Mwanangu, wewe nenda kanywe ulanzi pale kwa jirani, urudi jioni". Niliporudi alikuwa ameshalaza theluthi moja ya shamba la juu. Sikusema naye njia nzima. Ile iliyokatwa tukauza mirunda kwa wajenzi wa Makambako, hela yake ikalipa palizi ya mwaka ule na kupogolea. Miti iliyobaki mwaka uliofuata ilinenepa mpaka unaona kwa macho.

Bei siandiki hapa kwa sababu inategemea lori linafika wapi. Nitalifikia hilo, ndo kiini cha uzi wote.

#6 MamaTuli

Shikamoo kaka Kinyungu, mimi niko Makambako nauza mbao. Naomba waambie na habari ya matawi maana sisi huku ndo tunateseka. Mteja anakuja anashika ubao anaugeuza, akiona vifundo vyeusi anauweka chini. Kile kifundo cheusi kikikauka kinadondoka chenyewe linabaki tundu, mteja anarudi na ubao anasema dada umeniuzia mbao imetobolewa na panya.

#7 Kinyungu

Marahaba dada yangu, umenikumbusha. Patula ana tabia ya kutoangusha matawi yake, tawi linakufa lakini linabaki limeng'ang'ania pale, mti unanenepa unalimeza likiwa maiti. Hicho ndo kifundo cheusi anachosema MamaTuli. Tawi likikatwa likiwa bado bichi mti unafunika kidonda, mbele yake inakuja mbao safi.

Sasa watu wanapogoa kwa panga. Panga linaacha kisiki cha tawi cha vidole viwili, au linachana gamba la mti kushuka chini, utomvu unatiririka kama mshumaa. Nunua msumeno wa kupogolea, ule uliopinda kama mundu, unakata karibu kabisa na shina bila kujeruhi ile shingo ya tawi. Anza mwaka wa tatu au wa nne, usipite nusu ya urefu wa mti maana ukinyoa mpaka juu unaunyima chakula. Na fanya kiangazi, usipogoe mvua inanyesha.

Kuna faida nyingine haisemwi, shamba lililopogolewa unaweza kutembea ndani yake. Unaona nani kapita, unaona nyoka, na moto ukija unatambaa chini haupandi juu kwa ngazi ya matawi makavu.

#8 Wanjohi_wa_Kinangop

Nimepita kutoka Kenya, Nyandarua. Kwetu mti wa watu ni saipresi zaidi ya paina. Wengi hapa ni wadogo hamkumbuki ile miaka ya 90 mwanzoni wadudu wa saipresi waliingia, vidudu vidogo kama chawa vinafyonza matawi, ua lote la baba yangu likageuka kahawia tawi kwa tawi kama limemwagiwa maji moto. Wale wadudu walianzia Malawi 1986 wakapanda huku juu. Kwa hivyo mimi ushauri wangu usiweke mti wa aina moja kwa shamba lote hata kama ndio una soko. Na hii habari ya asili, sisi tuko na mutarakwa (mwerezi) na podo, hiyo ndiyo asili yetu, mbona nyinyi hampandi podo?

#9 Kinyungu

Karibu sana ndugu yetu. Podo na sisi tunayo, kwenye misitu ya milimani huku kusini ipo, mbao yake laini haina vifundo, mafundi wa zamani wakiisikia tu wanapumua. Tatizo ni moyo wa binadamu. Podo ukiipanda leo anayeipasua ni mjukuu wako, na ukitaka kuivuna ile ya msituni ni mti wa asili, una sheria zake na vibali vyake vya peke yake, siyo kama msindano uliopanda mwenyewe. Mimi nimepanda arobaini na kitu kwenye ukingo wa bonde Lupembe, ina miaka minane, mirefu kunizidi kidogo tu. Siihesabu kwenye biashara.

Halafu nyie wa Kenya mlitusaidia bila kujua. Mlipopiga marufuku ukataji 2018 wanunuzi wenu walijaa Mafinga, malori yenye namba za KB na KC yanapanga foleni, mbao zikapanda bei, kila mtu akakata hata mti mtoto wa miaka saba. Mliporuhusiwa tena 2023 nasi tukaanza kuhesabu vidole.

#10 Bendi_Soo

Bado tunasubiri kiini.

#11 Kinyungu

Haya kiini hiki hapa. Anayetaka kununua shamba la miti mwambieni hivi: usianze kuangalia udongo, usianze kuangalia maji, anza na lori. Simama barabara ya lami, fikiria Fuso imebeba mbao imejaa, mvua ya mwezi wa tatu imenyesha usiku, halafu rudi nyuma nayo kilomita kwa kilomita mpaka ufike kwenye hicho kiwanja unachoonyeshwa. Pale Fuso ya kichwani mwako itakapokwama ndo thamani ya miti yako inapoishia.

Shamba langu la Mufindi lina udongo wa kawaida tu, mwekundu, juu limechoka. Lakini liko mita kama mia nne kutoka barabara ya kijiji iliyowekwa moramu kwa sababu ya malori ya chai. Shamba la Lupembe lina udongo mweusi, mvua haikatiki, misindano ya mwaka wa nne ilikuwa mikubwa kuliko ya Mufindi ya mwaka wa sita. Nililinunua kwa nusu ya bei ya Mufindi nikajiona mjanja. Kulifikia unavuka mto kwenye daraja la magogo, halafu unapanda kilima ambacho kiangazi bodaboda anakushusha utembee. Mnunuzi wa kwanza kuja kule, kijana mstaarabu tu, aliiangalia miti akatikisa kichwa kwa kuipenda, akarudi akasimama kwenye lile daraja, akaruka ruka mara mbili juu yake. Akaniambia bei ambayo ni chini ya nusu ya niliyouzia Mufindi. Sikumlaumu, na mimi nilikuwa naliogopa lile daraja.

Kwa hiyo mtu akikwambia heka moja Njombe ni bei poa sana, ujue tofauti utailipa siku ya kuvuna, kwa mkupuo.

#12 Msomi_Asiye_na_Kiti

Hapa nimeelewa kitu. Sasa mkuu hizo hatua za kununua zenyewe zikoje, maana jamaa yangu alinunua heka 30 kwa mtu mmoja, kaandikishana naye kwenye daftari la mia mbili, mwaka wa tano ukoo mzima umekuja juu.

#13 Kinyungu

Hiyo ni ya kila siku. Ardhi nyingi huku ni ardhi ya kijiji, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999. Serikali ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, na mtu binafsi akikuuzia wewe mgeni lazima halmashauri ya kijiji ijue na ikubali. Mwenyekiti na mtendaji kukugongea mhuri barazani kwake jioni mkiwa wanne hiyo siyo kijiji. Omba muhtasari wa kikao. Tembea mipaka na majirani wote, wake kwa waume, na hakikisha mke wa muuzaji na watoto wake wakubwa wamesaini, maana huyo anayekuja juu mwaka wa tano ni mtoto aliyekuwa darasa la nne siku baba yake anauza. Halafu fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila.

Na usipande bondeni. Vinyungu, zile bustani za mabondeni, viacheni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji, lakini hata bila sheria, kile kinyungu ndo mboga na mahindi mabichi ya mwezi wa kumi ya kijiji chote. Ukikijaza miti, hasa milingoti (mikaratusi), umejitafutia uadui, na mwenye uadui na wewe huku hahitaji kitu zaidi ya kiberiti.

#14 MamaTuli

Hapo kwa kiberiti kaka. Tueleze na yaliyokupata.

#15 Kinyungu

Sawa. 2019, mwezi wa kumi, siku ya Alhamisi. Niko ofisini Dodoma, simu inaingia ya kijana wa Lupembe, nikajua kabla hajaongea kwa sababu yule huwa anabipu, hapigi.

Haukuwa uadui. Kulikuwa na bibi mmoja upande wa juu, anaandaa shamba lake la ulezi kama alivyofanya miaka yote, kakusanya majani kachoma asubuhi hakuna upepo. Saa sita upepo ukaja. Mimi barabara ya moto nilikuwa nayo, nililipa hela ilimwe kila mwaka mwezi wa sita, na picha nilikuwa natumiwa kwenye simu, udongo mwekundu safi kabisa. Nilipofika Jumamosi ndo nikagundua picha zote za miaka mitatu zilipigwa sehemu moja, pale karibu na njia. Upande wa juu, unaopakana na yule bibi, nyasi zilikuwa zimefika kiunoni.

Heka tano na nusu kati ya nane. Msindano mdogo hauwezi moto kabisa, gamba jembamba. Ilikuwa imesimama vile vile kwenye mistari yake, rangi ya chai ya rangi, na ukiishika sindano zinadondoka zote kwa pamoja mkononi. Sauti hakuna, msitu wa misindano siku zote una mlio fulani upepo ukipita, pale hakuna.

Yule bibi alikuja kunisalimia. Alikuwa amebeba jogoo kwa kunipa pole. Nilitaka kuwa na hasira nikashindwa, nikampokea jogoo. Kosa lilikuwa langu na la yule niliyekuwa namlipa kwa picha. Siku hizi barabara ya moto naitembea mwenyewe kwa miguu mzunguko mzima mwezi wa saba, upana mita kumi kwenye mpaka wa nje, na siku ya kulima namualika bibi na majirani wote tunalima pamoja, nanunua mbuzi. Mwaka wa moto uliofuata walioukimbilia kuuzima kabla haujafika kwangu ni wao, mimi niliambiwa umeshazimwa.

#16 Mtu_wa_Pwani

Pole sana mkuu. Kwa hiyo kilimo cha simu ndo basi tena.

#17 Kinyungu

Kilimo cha simu mwaka wa kwanza na wa pili hapana kabisa. Mche wa paina ukizidiwa na nyasi umekwisha, unahitaji palizi ya kisahani kuuzunguka mara mbili mpaka uzishinde. Baadaye ukishafunga kivuli unaweza kupumua, lakini kuanzia mwezi wa saba mpaka mvua za mwezi wa kumi na mbili lazima uwe na mtu na mtu huyo awe na mtu wa kumkagua.

Na miche. Usinunue miche barabarani kwa kuangalia ukijani. Chagua mmoja, chana kiriba uone mizizi. Ukikuta imejizungusha chini kama chapati usichukue hata ukipewa bure, huo mti utakua vizuri tu kisha mwaka wa tano unalala wenyewe na mizizi yake juu. Na waulize udongo wa kitalu wametoa wapi. Miche ya paina lazima ichanganyiwe udongo uliotolewa chini ya paina za zamani, ule mweusi wenye nyuzi nyeupe nyeupe ukiumega, kuna uyoga fulani unaishi kwenye mizizi unaulisha mti. Wakulima wa mwanzo walioanzisha vitalu bila udongo huo walipata miche ya njano wakadhani ni mbolea.

#18 Fundi_Banzi

Mimi ni mwendesha dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao shambani, nimepasua mashamba ya watu wa Dar na Dodoma wengi sana. Naomba niwaambie kitu, miti ya miaka saba nane mnatuletea kuipasua ni dhambi. Mbao ni nyepesi kama sponji, ukiipanga juani asubuhi jioni imejikunja kama ulimi wa ng'ombe. Mteja akija anasema fundi kaharibu. Fundi kaharibu nini, mti bado mtoto.

#19 Kinyungu

Fundi umesema kweli ila na nyie dingdong mna yenu haha. Lile bamba lenu ni nene, kila linapopita linakula unga, na fundi akichoka ubao unaanza inchi mbili unamalizia inchi moja na nusu. Nimekaa pale siku tisa 2023 nahesabu. Mita moja ya ujazo ya mbao ni vipande kama 53 vya mbili kwa nne futi 12, lakini usitegemee gogo la mita moja ya ujazo likupe hivyo, kwenye dingdong chini ya nusu ya gogo ndo inageuka mbao, iliyobaki ni mabanzi na ule mlima wa unga unaotoa moshi ukinyeshewa.

Kwa nini nilipasua mwenyewe badala ya kuuza miti imesimama. Alikuja dalali na mnunuzi wake, na hapa mjifunze kitu, muuzaji siku zote anamuonyesha mtu miti ya ukingoni, kwa sababu ya ukingoni inapata jua inanenepa. Mnunuzi mzoefu hasimami ukingoni, anaingia mpaka katikati anachagua mwembamba kuliko wote anaukumbatia, anasema hii ndo miti yako yote. Tukavutana. Mwisho nikachukua futi kamba na mzee wa shamba, tukapita mstari mmoja kila baada ya mitano, tunapima mzunguko wa mti kifuani tunaandika kwenye daftari. Siku mbili. Nilipomrudia dalali na daftari alipandisha bei yake mara moja bila hata kulisoma, hapo ndo nikajua hata ile ya pili ni ya kuniibia. Nikakodi dingdong.

Sikupata utajiri. Ukitoa mpasuaji, chenso, wabebaji, chakula, kibali cha kuvuna, kugongewa nyundo ya alama, ushuru wa halmashauri na TP, yaani kibali cha kusafirisha, nilizidi bei ya dalali ya pili kama robo hivi. Na kuna karatasi moja nilizungushwa siku nne ofisi fulani, magogo yamelala mvua inayapiga, yakaingia ukungu wa bluu, mbao zile nikauza bei ya mbao za zege. Ukianza kukata hakikisha karatasi zote ziko mfukoni tayari, gogo la paina halisubiri.

#20 Bendi_Soo

Kwa hiyo robo tu kwa siku tisa za mateso. Si bora ungemuuzia.

#21 Kinyungu

Labda. Ila sasa najua shamba langu lina nini, na jirani zangu watatu nao walipima kwa daftari lile lile, tukaenda kwa mnunuzi wanne kwa pamoja. Alituma gari lake kutufuata. Kama uko huku ulizia vyama vya wakulima wa miti, kuanzia 2014 ule mradi wa Panda Miti Kibiashara ulisaidia vijiji vingi kuviunda, vingine vimelala lakini vilivyo hai vinajua nani ana miti ya umri gani.

#22 Msomi_Asiye_na_Kiti

Swali la mwisho. Zile heka tano na nusu zilizoungua ulirudishia?

#23 Kinyungu

Nilirudishia 2021, mita 3 kwa 3 safari hii, mbegu yenye karatasi, na ule ukanda wa juu unaopakana na bibi sikupanda kitu, anaulima yeye maharage kila mwaka bure. Hakuna barabara ya moto safi kama shamba la maharage ya mtu anayelipenda.

Jumamosi nakwenda kuipogoa kwa mara ya kwanza. Nina misumeno minne na vijana watatu, anayetaka kuja kujifunza aje na buti, Fuso haifiki, tunaanza kutembea pale darajani saa kumi na mbili asubuhi.

#24 MamaTuli

Nitakuja kaka, na mimi nakuja na mdogo wangu. Daraja lenyewe bado lile la magogo?

#25 Kinyungu

Lile lile. Mmoja mmoja.